Pweza Katika Chumba cha Seva

Sijala pweza tangu mwaka ule. Si kwa sababu ya dini, maana ni halali, na mimi nimezaliwa Mikindani, ambako mtoto huanza kutafuna pweza kabla meno hayajatimia. Mke wangu alijaribu kumpika kwa nazi, akajaribu kumkausha, mwishowe akaacha kunishawishi. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa riziki nyingine zote alizotupa. Lakini ile harufu ikinifikia tu, narudi palepale katika chumba cha seva cha ofisi yetu. Namwona tena binti mmoja wa kijiji cha kandokando ya Ruvuma, amesimama mbele ya kaunta na barua ya chuo cha uuguzi mkononi, anasubiri tumwambie kama alizaliwa au hakuzaliwa.

Nilikuwa karani wa rejista za vizazi mjini Mtwara. Asubuhi nilikuwa ofisini, alasiri nilikuwa nyumbani Likombe nikisomesha Kurani. Sikuona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili. Kote kuwili nilikuwa mlinzi wa maandishi ya wengine, nikiangalia lisipotee neno wala lisiongezwe.

Miaka ya themanini kila mtoto aliyezaliwa upande wetu aliandikwa mara tatu. Zahanati ilimpa mama karatasi, mtendaji wa kijiji aliandika katika daftari lake, nasi mjini tukaandika katika rejista kubwa yenye jalada la kitambaa. Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo kwa sababu ya usalama. Ilitokea tu kwa mazoea. Mwaka mmoja mchwa walipanda kabatini kwetu wakala nusu ya rejista ya kata mbili, nami nikaenda vijijini, nikaazima madaftari, nikarudi kuandika upya kila mstari. Ilinichukua miezi miwili na hapakupotea mtoto hata mmoja. Wakati ule sikuona kama nimefanya jambo la ajabu.

Kisha ukaja mradi. Kompyuta tatu za mezani, na seva moja ya kuhifadhi kumbukumbu zote, iliyowekwa katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya Mkuu wetu. Ikatoka amri: madaftari ya vijiji yote yaletwe mjini, na akina mama walete zile karatasi za zahanati, vyote viingizwe kwenye mashine. Mkuu wetu alikuwa na maneno mawili aliyoyapenda kuliko yote, nayo ni "mahali pamoja". Aliyasema kwenye vikao, akayasema kwenye simu. Kila kitu mahali pamoja.

Fundi aliyekuja kuifunga ile seva alitoka Dar es Salaam, mtu mpole, msikilizaji. Aliniona namwangalia, akavuta kiti.

"Mzee wangu, mimi kazi yangu yote ni swali moja," akasema. "Nagusa kitu, najiuliza: hiki kikifa, nini kitakufa pamoja nacho? Jibu likiwa ni kila kitu, bado sijamaliza kazi."

Akanionyesha. Ndani ya mashine mlikuwa na diski mbili zinazoandika jambo lilelile kwa wakati mmoja, moja ikifa nyingine inaendelea. Nyuma kulikuwa na nyaya mbili za umeme. Mmoja aliuchomeka kwenye betri ya dharura, ile inayoshika umeme ukikatika, na mwingine akauchomeka kwenye soketi ya ukuta wa pili, yenye njia yake. Kila Ijumaa, akasema, kumbukumbu zote zinakiliwe kwenye kanda, na kanda zitoke humo ndani.

Nikamwambia, "Ndivyo Kurani ilivyotufikia. Haikuachwa katika kifua cha mtu mmoja."

Akacheka kwa furaha, kama mtu aliyekutana na jamaa ugenini. "Basi wewe shehe huhitaji kufundishwa. Waangalie hawa wengine."

Kabla ya kuondoka alibandika karatasi mlangoni kwa maandishi makubwa: kanda za nakala zitunzwe mahali pakavu, penye ubaridi, nje ya jengo hili.

Sikuwaangalia hao wengine. Hilo nitalisema mwenyewe kabla hajalisema mtu. Uchapaji ulipokwisha, Mkuu aliniita akasema rejista za zamani na madaftari ya vijiji vinakula nafasi na vinafuga popo.

"Tungeyaacha stoo, Mkuu," nikasema. "Hata mwaka mmoja."

"Shehe, unaiogopa mashine? Hayo ni makaratasi. Yote yameshaingia humu."

"Siiogopi. Nasema tu yakae."

"Weka sahihi hapa."

Nililelewa nisimbishie mkubwa wangu mara ya pili. Niliita hiyo adabu, na mpaka leo sijui kwa hakika kama ilikuwa adabu au uvivu wa moyo. Nikaweka sahihi kwenye kibali cha kuyaondoa. Nikayabeba mimi mwenyewe mpaka barazani, rejista baada ya rejista, na nyingine ningeweza kuzitambua kwa uzito wake gizani.

Wiki iliyofuata nilipita stendi nikanunua korosho za kukaanga. Muuzaji alinipa ndani ya karatasi iliyosokotwa. Nilizila zote, nikaikunjua karatasi niitupe, nikaona mwandiko wangu. Ulikuwa ukurasa wa rejista. Mstari kwa mstari, watoto wa watu, na jina la kila baba, limelowa mafuta ya korosho. Nikatazama chini. Stendi nzima ilikuwa imetapakaa karatasi hizo, watu wanazikanyaga, mbuzi anatafuna moja. Na majina yetu Waislamu, kama mjuavyo, mengi yamebeba ndani yake jina la Mwenyezi Mungu. Niliinama nikaanza kuokota. Muuzaji akaniuliza, "Mzee, umedondosha nini?" Niliokota mpaka mifuko ya kanzu ikajaa, nikaenda nyumbani nikazizika uani kwa heshima. Nilitapika zile korosho, na sikumwambia mke wangu kwa nini.

Sasa friji.

Chumba cha seva kilikuwa na kiyoyozi, cha pekee katika jengo lile, na joto la Mtwara la mwezi wa Desemba mnalijua. Kwanza watumishi walianza kuingia humo kupumua. Kisha wakaingia na chakula chao. Kisha Mkuu, ambaye kila mwisho wa wiki alikuwa akiwapelekea ndugu zake wa Dar samaki na pweza kwa basi, akaleta friji. Akaliweka ubavuni mwa seva, na kwa kuwa alitaka pweza wake wasiharibike umeme ukikatika, akalitafutia nafasi kwenye ile betri ya dharura. Betri haikuwa na matundu ya kutosha. Akaleta ekstensheni ya sokoni, akachomeka humo friji na nyaya zote mbili za seva, kisha yote akayaning'iniza kwenye betri moja. Ile soketi ya ukuta wa pili akachomekea birika la chai.

Nilimwambia. Safari hii nilimwambia mara mbili.

"Fundi alizitenga nyaya kwa makusudi, Mkuu."

"Umeme ni umeme, shehe. Unatoka wapi kwani, kwenye mbingu mbili?"

Watu wakacheka. Na zile kanda za kila Ijumaa? Mkuu alikuwa ameisoma karatasi ya fundi. Katika masharti yake matatu, yaani pakavu, penye ubaridi, na nje ya jengo, alichukua lile la katikati. Kanda alizitia ndani ya friji, kwenye droo ya chini, chini ya pweza.

Nasita kuandika haya, kwa kuwa msomaji atadhani natia chumvi. Sitii. Nilifungua friji lile mimi mwenyewe kutafuta maji, nikaziona kanda zimepangwa vizuri ndani ya boksi la plastiki lisilo na kifuniko, na juu yake mkono wa pweza unaning'inia kutoka kwenye mfuko uliopasuka, unadondosha. Nilifunga mlango. Nikaufungua tena, nikaliinua boksi, nikaliweka rafu ya juu. Siku ya pili lilikuwa limerudishwa chini, na juu kumewekwa soda.

Umeme ulikatika Alhamisi mchana. Miaka ile kabla ya gesi, mji ulikuwa unategemea majenereta ya dizeli, na yakiugua yaliugua sana. Friji lilipovuta nguvu ya kujiendesha, betri ya dharura ilipiga kelele mara tatu ikanyamaza. Mkuu akafunga chumba, ufunguo akauweka mfukoni, akaondoka. Ufunguo wenyewe ulikuwa mmoja tu. Umeme ulirudi Jumapili kwa kishindo, ukipanda na kushuka. Majirani wawili wa ofisi waliunguliwa na televisheni. Jumatatu asubuhi tukafungua mlango.

Nimeosha maiti nyingi katika maisha yangu, kwa radhi za Mungu, na nyingine zilikuwa zimecheleweshwa. Sijawahi kurudi nyuma mlangoni. Siku ile nilirudi nyuma. Maji ya pweza yalikuwa yametoka chini ya friji yakatandaa sakafuni, ya rangi ya zambarau iliyochacha, yakapita chini ya seva. Ekstensheni ilikuwa imeyeyuka. Mashine ilikuwa baridi na kimya, imeungua nyaya zote mbili na diski zote mbili, kwa kuwa zilikunywa katika bomba moja. Boksi la kanda lilikuwa limejaa mpaka juu. Nzi sijui waliingilia wapi.

Na wakati tumesimama pale na mashati puani, nikasikia hodi kwenye kaunta.

Walikuwa mama na binti yake. Mama nilimfahamu kwa sura, Mmakua wa kijiji cha karibu na mto, wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji wakati wa vita. Binti alikuwa amepata nafasi ya uuguzi, wa kwanza katika ukoo wao kupata chochote cha namna hiyo. Barua ilisema alete cheti cha kuzaliwa Ijumaa ya wiki ileile, la sivyo nafasi apewe mwingine. Mkuu akawajia akijifuta mikono.

"Mtambo umeharibika. Njooni mwezi ujao."

"Mwezi ujao chuo kitakuwa kimefunga mlango," akasema mama. "Niandikieni kwa mkono, kama zamani."

"Niandike kutoka wapi? Karatasi yako ya zahanati iko wapi?"

"Mliichukua ninyi. Mlisema mnaitia kwenye mashine."

"Basi kama hayupo kwenye mashine, hayupo." Akatazama barua, akasoma jina la ukoo. "Na jina lenyewe hili la ng'ambo. Si mkaulize Msumbiji huko?"

Mama akasema polepole, "Baba, huyu nimemzaa hapa, kwa uchungu wa hapa. Wewe ndiye uliyempoteza. Mimi ninaye, huyu hapa amesimama."

Binti alikuwa anaikunja ile barua na kuikunjua, anaikunja na kuikunjua.

Mkuu akanivuta pembeni. Alikuwa na njia. Nile kiapo mbele ya hakimu kwamba niliuona mstari wa binti huyu katika rejista ya zamani, tarehe fulani. "Wewe shehe, nani atakukatalia?"

"Sikumbuki mstari wake, Mkuu. Nimeandika maelfu."

"Utakumbuka ukiapa."

Maneno hayo yalinichafua kuliko maji ya pweza. Nikamwambia siapi kwa nisichokijua.

"Basi wewe ndiye unayemnyima mtoto wa watu chuo," akasema, akaenda kutafuta mtu wa kuosha friji.

Usingizi wangu usiku ule haukuwa mzuri, kwa sababu kulikuwa na ukweli ndani ya uchafu wa maneno ya Mkuu. Sahihi ilikuwa yangu. Nilikuwa nimewabeba watoto wale mpaka barazani kwa mikono yangu. Baada ya sala ya alfajiri nilikaa muda mrefu nikijiuliza swali la fundi, ila kwa kuligeuza: mashine imekufa, rejista zimekufa, daftari limekufa, karatasi imekufa; nini hakijafa pamoja navyo? Nani mwingine huwahesabu watoto?

Jibu lilipokuja sikulipenda. Kungwi.

Lazima nieleze. Kwa miaka mingi, kila nilipoalikwa kuhutubu vijijini, niliwakemea watu kwa ngoma za unyago, ambako kungwi huwafunda wasichana. Niliona zinachukua muda wa watoto wa kike na kuwajaza maneno yasiyofaa. Katika kijiji cha yule mama niliwahi kulisema hilo kwa ukali, na kungwi mwenyewe alikuwa amekaa nyuma ya pazia la wanawake anasikia. Jumanne mchana nilimkuta nje ya nyumba yake, anamenya mihogo na wanawake wawili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Shehe, umepotea njia? Leo hatuna ngoma ya kukemea."

"Leo nimekuja kuomba."

"Kuomba nini, tukucheze?" Wale wawili wakaangusha visu kwa kucheka. Nikaacha wacheke mpaka waishe. Ilikuwa haki yao.

Nikamweleza yote, pamoja na sahihi, pamoja na pweza. Hakucheka tena. Akaweka muhogo chini.

"Mwali huyo namjua. Alikaa mkekani wa nne."

"Wa nne vipi?"

"Mimi wali wangu wa unyago siwachanganyi. Wanakaa kwa kufuata nani kamtangulia nani kuzaliwa, maana mkubwa ndiye anayeanza kula na ndiye anayeanza kuchapwa. Mama zao nawauliza mbele ya wenzao, asiwepo wa kudanganya. Mwaka ule walikuwa kumi na mmoja." Akawataja wote kwa vidole, bila kusita, mama wa kila mmoja na siku ya kila mmoja. "Huyu wako, kulia kwake alikaa binti wa mwenye mashine ya kusaga, kushoto kwake binti wa huyu hapa."

Huyu hapa alikuwa mmoja wa wale wamenya mihogo. Akainuka, akaingia nyumbani kwake ng'ambo ya njia, akarudi na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na cheti cha binti yake, kilichotolewa kabla ya mashine, kwa mwandiko wangu. Amezaliwa Ijumaa. Tukaenda kwa mwenye mashine ya kusaga. Naye alikuwa na cheti cha wake, mwandiko wangu tena. Amezaliwa Jumanne ya wiki ileile. Wa nne alikuwa katikati yao.

"Alizaliwa Jumatano," akasema mama wa yule wa Jumanne. "Zahanati kitanda kilikuwa kimoja. Nililala na mamake, miguu huku, kichwa kule. Kaninyima usingizi wote kwa kelele. Mtoto katoka ananitazama mimi."

"Utaapa hivyo mbele ya hakimu?"

"Hata mbele yako, shehe, na wewe ndiye unayetisha."

Katika mambo ya uzazi, sheria yetu imeupokea ushahidi wa wanawake tangu zamani, kwa kuwa wao ndio huwapo. Nilikuwa nimelisoma hilo nikiwa kijana na kulisomesha. Nilikuwa sijawahi kulihitaji.

Alhamisi walikuja mjini watano: mama, binti, kungwi, na wanawake wawili wenye vyeti vyao. Hakimu aliwasikiliza, akaangalia vyeti viwili vya mwandiko mmoja, akagonga muhuri kwenye viapo. Tukarudi ofisini. Korido ilikuwa imeoshwa kwa dawa, na harufu ilikuwa imejificha chini ya dawa, mbaya zaidi kwa kujificha. Kungwi akaziba pua kwa kanga.

"Hapa mmezika nini?"

"Ni mtambo umeharibika, bibi," akasema Mkuu.

"Mtambo gani unanuka pweza?"

Mkuu alisoma viapo, akasoma tena, akatafuta kosa. Hakuliona. Akasema cheti kitoke, akaingia ofisini kwake. Kupitia mlango uliokuwa wazi nililiona friji limerudishwa ubavuni mwa seva iliyokufa, limechomekwa, linanguruma. Safari hii hata sikusema.

Tulikuwa tumeletewa rejista mpya, tupu. Nikaifungua ukurasa wa kwanza. Nikaandika jina la binti yule, la mama yake, la baba yake, zahanati, siku ya Jumatano. Kwenye safu ya namba nikasita. Zamani ningetafuta namba iliyotangulia na kuongeza moja. Hapakuwa na iliyotangulia. Nikaandika moja, kana kwamba mkoa mzima haujawahi kuzaa mtu kabla ya mtoto huyu, na chuki iliyonipanda siku ile, chuki ya mkono wangu mwenyewe kwanza, haijanitoka vizuri hadi leo, ingawa naomba kila siku initoke. Kungwi angeweza kuja kwa ajili ya kumi na mmoja wake. Nani angekuja kwa ajili ya waliobaki?

Binti alikipokea cheti kwa mikono miwili. Akasoma kila neno, na ndipo nikasikia sauti yake kwa mara ya kwanza. "Babu, wino haujakauka," akasema, akakipepea polepole ili usichafuke. Ijumaa alikipeleka. Alisomea uuguzi, alhamdulillahi, na miaka iliyofuata amewapokea watoto wengi kuliko niliowaandika.

Lakini pale kaunta kungwi hakuwa amemaliza. Aligonga rejista kwa kidole.

"Hicho ulichoandika humo, andika tena."

"Wapi, bibi?"

"Karatasi nyingine. Nipe mimi nikakae nayo. Ninyi hapa siwaamini."

Nikaandika. Kisha, bila kuambiwa na mtu, nikaandika ya tatu, nikaikunja, nikaiweka mfukoni mwa kanzu ili iende nyumbani Likombe.